Anayeteuliwa na anayetia saini: nani hasa anaamua sera ya Marekani kuhusu uhuru wa dini duniani

Tarehe 31 Oktoba 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba Nigeria inarudi kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani inazihesabu kuwa wakiukaji wakubwa wa uhuru wa dini. Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2020 Mike Pompeo, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiingiza kwenye orodha hiyohiyo. Novemba 2021 mrithi wake, Antony Blinken, akaiondoa katika wiki aliyokuwa kwenye ziara ya Kenya, Nigeria na Senegal. Muda wote huo, tangu mwaka 2009, tume rasmi inayoishauri serikali ya Marekani ilikuwa ikipendekeza kila mwaka kwamba Nigeria iingizwe.

Sasa tazama kiti cha balozi ambaye kazi yake hasa ni uhuru wa dini. Katika maamuzi hayo matatu, ni moja tu, lile la 2020, lililofanyika kukiwa na balozi aliyethibitishwa na Seneti. Novemba 2021 mteule alikuwa bado anasubiri kura. Oktoba 2025 vilevile. Nchi iliondolewa na kurudishwa huku kiti kikiwa kitupu.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kujua sera hii inaelekea wapi anahitaji kujua zaidi ya jina la aliyeteuliwa. Anahitaji kujua mteule huyo anaripoti kwa nani, karatasi ya mwisho inatiwa saini na nani, na kiti kimekaa bila mtu kwa muda gani.

Sheria iliyozaa vyeo

Mfumo wote unatokana na Sheria ya Uhuru wa Dini Kimataifa ya mwaka 1998. Seneti iliipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga, na Rais Bill Clinton akaitia saini tarehe 27 Oktoba mwaka huo. Ilianzisha nafasi za aina tatu, na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni balozi wa uhuru wa dini. Huyu hana kituo katika nchi yoyote. Anakaa Washington, ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, na eneo lake la kazi ni dunia nzima. Ana ofisi yenye watumishi, na ofisi hiyo ndiyo inayosimamia ripoti ya mwaka inayogusa takriban nchi na maeneo 200.

Ya pili ni Tume ya Marekani ya Uhuru wa Dini Kimataifa, inayojulikana kwa kifupi cha USCIRF. Hii iko nje ya wizara. Inachunguza, inaandika ripoti yake yenyewe, inapendekeza. Haina uwezo wa kumwekea mtu vikwazo.

Ya tatu ni mshauri maalumu katika Baraza la Usalama la Taifa, Ikulu. Sheria inasema anafaa kuwepo, haisemi ni lazima, na kwa sababu hiyo nafasi hii mara nyingi imekuwa tupu au imebandikwa kwa mtu mwenye majukumu mengine. Tusipoteze muda hapo.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: tarehe 1 Mei 2025 Trump aliunda kwa amri ya rais tume nyingine ya uhuru wa dini, na mwenyekiti wake ni Dan Patrick, naibu gavana wa Texas. Hiyo inashughulikia mambo ya ndani ya Marekani. Haina uhusiano na USCIRF, ingawa majina yanafanana kiasi cha kuwachanganya hata wahariri.

Njia ya balozi, na mahali inapoziba

Rais anatangaza jina. Tangazo hilo halimpi mtu cheo. Mteule anajaza fomu za kutaja mali na vyanzo vyake vya fedha, anachunguzwa historia yake na FBI, kisha faili linapelekwa Seneti. Kamati ya Mambo ya Nje inamwita kumhoji, inampigia kura, na ikimpitisha jina linaingia kwenye foleni ya Seneti nzima. Hapo inahitajika kura ya kufunga mjadala, kisha kura ya kumthibitisha. Tangu 2013 wingi wa kawaida unatosha kwa kura zote mbili.

Njia inaziba katika sehemu mbili. Kwanza, seneta mmoja tu anaweza kukataa jina lisipitishwe kwa haraka bila mjadala, na kwa kuwa muda wa Seneti ni haba, jina linakaa. Pili, kikao cha Seneti kikimalizika bila kura, jina hurudishwa kwa Rais na safari huanza upya.

Yaliyompata Suzan Johnson Cook yanaonyesha yote mawili. Barack Obama aliingia madarakani Januari 2009 lakini alimteua Juni 2010, mwaka mmoja na nusu ukiwa umeshapita. Seneta Jim DeMint wa South Carolina akamzuia, mwaka ukaisha, jina likarudishwa. Aliteuliwa tena mapema 2011 na akathibitishwa Aprili. Aliondoka Oktoba 2013, na aliyemfuata, Rabi David Saperstein, alithibitishwa Desemba 2014 kwa kura 62 dhidi ya 35. Ukihesabu, katika miaka minane ya Obama kiti kilikaa bila balozi kwa zaidi ya mitatu.

Wengine walipita kwa namna tofauti kabisa. Sam Brownback, aliyekuwa gavana wa Kansas, aliteuliwa Julai 2017 na kuthibitishwa Januari 2018 baada ya kura kugongana 49 kwa 49. Makamu wa Rais Mike Pence akaenda kuvunja sare. Rashad Hussain, Mwislamu wa kwanza kushika nafasi hiyo, alipata 85 dhidi ya 5 Desemba 2021. Waliotangulia ni Robert Seiple, aliyewahi kuongoza shirika la World Vision nchini Marekani, na John Hanford, ambaye alikuwa miongoni mwa walioiandika sheria yenyewe akiwa mtumishi wa Bunge. Aprili 2025 Trump alimtaja Mark Walker, mchungaji na mbunge wa zamani kutoka North Carolina.

Kiti kikiwa kitupu ofisi haifungwi. Watumishi wa kudumu wanaendelea kukusanya taarifa na ripoti inatoka. Kinachopotea ni sauti ndani ya vikao vya ngazi ya juu. Mkurugenzi wa ofisi hana cheo cha kubishana na msaidizi wa waziri anayesimamia Afrika au Mashariki ya Kati, na katika urasimu wa Washington cheo ndicho kinachoamua nani asikilizwe.

Kwa miaka mingi tatizo hilo lilikuwepo hata balozi akiwepo. Ofisi iliwekwa ndani ya idara ya demokrasia, haki za binadamu na kazi, kwa hiyo balozi aliyeteuliwa na Rais alijikuta akipitishia karatasi zake kwa mkuu wa idara. Hilo lilirekebishwa na Sheria ya Frank Wolf, iliyotiwa saini na Obama tarehe 16 Desemba 2016, ambayo inamtaka balozi aripoti moja kwa moja kwa Waziri. Mimi ningesema kifungu hicho kimoja kina uzito kuliko teuzi kadhaa zilizopigiwa makofi.

Hesabu ya viti tisa

Tume ina makamishna tisa wenye kura. Hawalipwi mshahara, wanahudumu miaka miwili kwa muhula, na hawathibitishwi na Seneti. Balozi wa uhuru wa dini anakaa nao kwa wadhifa wake, bila kura.

Rais anateua watatu. Seneti inateua watatu: wawili kwa pendekezo la kiongozi wa chama ambacho si cha Rais, mmoja kwa pendekezo la kiongozi wa chama cha Rais. Baraza la Wawakilishi linateua watatu kwa mpangilio uleule. Jumlisha upande wa Rais: watatu, mmoja na mmoja, jumla watano. Upande wa pili wanabaki wanne.

Watunga sheria walilenga kitu mahususi hapa. Haijalishi nani ana wingi Bungeni. Kinachotazamwa ni Ikulu ina chama gani. Rais anapata wingi wa kura moja, na mpinzani hawezi kufutwa. Lakini Ikulu ikibadilisha chama, makamishna waliopo hawaondoki siku hiyo. Mihula yao inaisha katikati ya Mei, kwa hiyo kwa miezi michache Rais mpya anaweza kuwa na Tume iliyoteuliwa kwa hesabu ya mtangulizi wake. Ripoti ya mwaka ya Tume, inayotakiwa kufikia tarehe 1 Mei, huandikwa katika kipindi hichohicho. Ndiyo maana ripoti ya kwanza chini ya Rais mpya mara nyingi husikika kama sauti ya utawala uliopita.

Hesabu nyingine ya kukumbuka ni akidi. Ili Tume ifanye shughuli rasmi wanahitajika makamishna sita wenye kura. Viongozi wa Bunge wakichelewa kujaza nafasi, viti vinne vikibaki wazi, Tume inakwama bila mtu yeyote kuifuta. Na kuna wakati ilikaribia kufutwa kweli: Desemba 2011 uhai wake kisheria ulikuwa unaisha, na Bunge liliuongeza dakika za mwisho kwa masharti, likiwemo la kuweka ukomo wa mihula.

Kwa kuwa makamishna hawalipwi na wana shughuli zao, sifa zao binafsi zinaitia Tume rangi kuliko ilivyo kwa balozi. Nury Turkel, mwanasheria Muyghur (jamii ya Waislamu wa magharibi mwa China) aliyezaliwa katika kambi ya kuelimishwa upya mjini Kashgar wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, aliteuliwa Mei 2020 na Spika Nancy Pelosi na baadaye akawa mwenyekiti. Desemba 2021 China ilimwekea vikwazo yeye na makamishna wenzake watatu, Nadine Maenza, Anurima Bhargava na James Carr. Beijing haisumbuki kuwawekea vikwazo watu wasio na athari yoyote.

Tukio jingine linaonyesha kamishna anavyoweza kuwa yeye mwenyewe kipimo. Machi 2024 ujumbe wa Tume ulikuwa Saudi Arabia kwa mwaliko, ukapelekwa kutembelea Diriyah, mji wa kale karibu na Riyadh ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Rabi Abraham Cooper, amevaa kofia yake ndogo ya Kiyahudi. Maofisa wakamtaka aivue. Akakataa, na ujumbe wote ukasindikizwa nje. Ubalozi wa Saudi Arabia mjini Washington ulisema kulikuwa na kutoelewana. Ripoti ya kurasa mia isingeeleza hali ya pale vizuri kuliko dakika zile chache.

Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Tume ilipendekeza India iingizwe kwenye orodha mwaka 2020, na imerudia pendekezo hilo miaka iliyofuata. Wizara haijawahi kulikubali. Kila mwaka magazeti kadhaa, ya Afrika Mashariki yakiwemo, huandika kwamba "Marekani imeiweka India kwenye orodha". Haikufanya hivyo. Tume ilipendekeza, basi.

Kalamu iko kwa nani

Orodha yenyewe kwa kifupi huitwa CPC, yaani nchi zinazotia wasiwasi wa pekee. Kipimo cha kisheria kina sharti tatu zinazokwenda pamoja: ukiukaji uwe wa kimfumo, unaoendelea, na wa kupita kiasi. Mamlaka ya kuingiza nchi ni ya Rais, na Marais wameikabidhi kwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Ndani ya wizara mambo huenda hivi. Ofisi ya uhuru wa dini inaandaa pendekezo. Idara inayosimamia eneo husika inaandika maoni yake, na mara nyingi inapinga, maana ndiyo yenye jukumu la ushirikiano wa kijeshi, biashara na kura kule Umoja wa Mataifa. Wasipokubaliana, karatasi inampandia Waziri ikiwa na hoja za pande zote mbili na yeye anachagua. Ni katika hatua hii ambapo balozi mwenye nafasi ya kumwona Waziri ana kwa ana anatofautiana na balozi wa picha za mikutano.

Nchi ikishaingizwa, sheria ina orodha ya hatua 15, kuanzia onyo la faragha hadi kukata misaada na kupinga mikopo ya taasisi za kimataifa. Kwa nchi ya CPC inatakiwa hatua kutoka zile nzito, ya 9 hadi ya 15, au makubaliano ya maandishi ya kurekebisha mambo. Ila kuna milango miwili ya kutokea. Waziri anaweza kusema vikwazo vilivyopo tayari kwa sababu nyingine vinatosha. Au anaweza kutoa msamaha kwa maslahi muhimu ya taifa. Saudi Arabia iko kwenye orodha tangu 2004 na imekuwa na msamaha tangu 2006. Nigeria yenyewe ilipoingizwa 2020 ilipewa msamaha papo hapo.

Eritrea haikupewa. Iliingizwa 2004, na Septemba 2005 ikawa nchi ya kwanza kuwekewa adhabu iliyotokana na sheria hii peke yake: kuzuiwa mauzo ya kibiashara ya vifaa vya ulinzi. Vietnam ilichukua njia ya tatu. Iliingizwa 2004, ikafikia makubaliano na Marekani Mei 2005, na ikaondolewa Novemba 2006, siku chache kabla ya Rais George W. Bush kutua Hanoi kwa mkutano wa nchi za Asia na Pasifiki. Balozi Hanford ndiye aliyeshughulikia mazungumzo hayo, na wapo wanaoyataja kama mfano bora wa kazi ya ofisi ile. Wengine wanaiangalia kalenda ya ziara na kutikisa kichwa. Leo Vietnam iko kwenye Orodha Maalumu ya Uangalizi, ngazi iliyo chini ya CPC.

Sheria ina kifungu pia cha mtu mmoja mmoja, kinachomzuia ofisa wa serikali aliyehusika na ukiukaji mkubwa asipate viza. Machi 2005 kilitumika dhidi ya Narendra Modi, wakati huo mkuu wa serikali ya jimbo la Gujarat, kutokana na mauaji ya ghasia za kidini jimboni humo mwaka 2002. Alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 2014 mlango ukafunguliwa.

Ulaya na Kanada kwa ufupi

Marekani ina sheria, na hiyo ndiyo tofauti kubwa. Kanada ilifungua ofisi yake Februari 2013 chini ya Balozi Andrew Bennett, ikiwa na bajeti ya dola milioni 5 za Kanada kwa mwaka. Haikuwa na sheria nyuma yake, na serikali ya Justin Trudeau iliiacha ife mwisho wa Machi 2016. Umoja wa Ulaya ulimteua Ján Figeľ wa Slovakia Mei 2016. Alipoondoka 2019 nafasi ilikaa wazi hadi Mei 2021, akaja Christos Stylianides, aliyedumu miezi michache tu kabla ya kwenda kuwa waziri Ugiriki, kisha pengo jingine hadi Frans van Daele Desemba 2022. Uingereza imekuwa na wajumbe maalumu wa Waziri Mkuu tangu 2018, wote wanasiasa wenye kazi nyingine. Rehman Chishti alijiuzulu Septemba 2020 kwa kutokubaliana na serikali yake kuhusu muswada uliohusu Brexit, jambo lisilogusa dini hata kidogo.

Huku kwetu

Katika orodha iliyotangazwa Januari 2024 kulikuwa na nchi 12 za CPC, Eritrea ikiwa pekee ya Kiafrika. Komoro ilikuwa kwenye Orodha Maalumu ya Uangalizi, ambako imekuwa ikionekana tangu 2018. Sheria za huko zinazuia ibada za hadharani zisizo za Kisuni. Al-Shabaab iko kwenye orodha ya tatu, ya makundi yasiyo ya kiserikali, iliyoanzishwa na ile sheria ya 2016.

Tanzania, Kenya na Uganda hawamo katika orodha hizo, ila kila mmoja ana sura yake katika ripoti ya wizara. Sura hiyo huanza kuandikwa na ofisa wa masuala ya siasa katika ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, anayesoma magazeti na kukutana na mabaraza ya Waislamu, jumuiya za makanisa, wanasheria na maofisa wa serikali. Ubalozini ndiko taasisi ya dini yenye lalamiko inakopaswa kuanzia, kabla ya kumwandikia balozi aliyeko Washington.

Taarifa zinazoachwa nje ni zile zinazosema "tunaonewa" bila zaidi. Zinazoingia zina tarehe, mahali, jina la mamlaka iliyochukua hatua, kifungu cha sheria kilichotumika, nakala ya barua ya kufungiwa au namba ya kesi, na ushahidi kwamba waathirika wameridhia majina yao yatajwe au yafichwe. Taja pia kilichofanyika baadaye: kama msikiti au kanisa lilifunguliwa tena, sema, kwa sababu mwandishi ataulizia upande wa serikali na taarifa yenye pengo hapo hupoteza imani yote. Ripoti inahusu mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na rasimu za ofisi za ubalozi huandaliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Sheria inataka itoke kufikia tarehe 1 Mei, lakini ile ya mwaka 2023 ilitoka 26 Juni 2024, kwa hiyo tukio la Januari linaweza kungoja miezi 17 kabla ya kusomwa na yeyote nje ya wizara.